Mate ya watu milioni 15: Anne Wojcicki, kampuni ya 23andMe na swali la nani mwenye ADN yetu

Leo tunaziacha kidogo habari za barabara na bei ya unga ili tujibu swali ambalo limetufikia mara nyingi, hasa kutoka kwa familia zilizo kambini na zile zilizopokelewa nyumbani kwa watu. Ndugu aliyeko Marekani anatuma ujumbe kwamba alitema mate kwenye kichupa, akakipeleka posta, na baada ya wiki chache akasoma kwenye simu asili yake ni wapi na ni magonjwa gani yanaweza kumpata. Sasa amesikia kampuni ile imefilisika. Anauliza mate yake yako kwa nani. Na huku nyumbani watu wanauliza: sisi yanatuhusu nini?

Yanatuhusu. Lakini inabidi tuisimulie habari hii tangu mwanzo, na katikati yake kuna mwanamke mmoja.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Wengi wetu neno ADN tulilisikia kwa njia ya dosie. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuunganisha familia za wakimbizi, baada ya majaribio ya vipimo yaliyoanzia Nairobi kuonyesha kwamba undugu uliotajwa kwenye dosie nyingi haukuthibitika. Mpango ulifunguliwa tena mwaka 2012, na safari hii mzazi na mtoto walitakiwa kupimwa. Kijiti chenye pamba kinapitishwa ndani ya shavu, kinapelekwa labo, jibu linarudi. Mwaka 2016 Wakongomani zaidi ya 16,000 walipokelewa Marekani kama wakimbizi, wengi kuliko watu wa taifa lingine lolote mwaka ule, ndiyo maana habari za kijiti hicho zimefika mpaka vijijini. Zimefika na uchungu wake pia. Kwetu mtoto wa kaka yako aliyekufa vitani ni mtoto wako, anakula sahani moja na wengine, wala hakuna anayekuuliza. Labo haimjui mtoto huyo.

Kipimo hicho kilidaiwa na serikali. Kile tunachokizungumzia leo hakikudaiwa na mtu yeyote. Watu walikinunua wenyewe, kwa pesa zao, wengine wakawapa ndugu zao kama zawadi ya Noeli.

Aliyeifanya biashara hiyo ijulikane duniani anaitwa Anne Wojcicki. Alizaliwa mwaka 1973 huko California. Baba yake, Stanley, alikuwa mwalimu wa fizikia kwenye chuo kikuu cha Stanford, lakini kabla ya hapo alikuwa mtoto mkimbizi. Aliondoka Poland akiwa na umri wa miaka 12 hivi, pamoja na mama yake na ndugu yake, Wakomunisti walipokwisha kushika nchi, na baba yao akabaki nyuma. Mama wa Anne, Esther, alifundisha uandishi wa habari kwenye shule ya sekondari. Walizaliwa mabinti watatu. Mkubwa, Susan, ndiye aliyewapangisha gereji yake vijana wawili mwaka 1998 walipokuwa wanaanzisha Google, na baadaye akaiongoza YouTube mpaka karibu na mwisho wa maisha yake. Wa pili, Janet, ni mtafiti wa afya. Anne ndiye wa mwisho.

Alisoma biolojia kwenye chuo cha Yale, akamaliza mwaka 1996, kisha akafanya kazi karibu miaka 10 kwa wenye mitaji, akiwachagulia makampuni ya dawa na ya hospitali ya kuwekea fedha zao. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kazi hiyo ndiyo iliyomfungua macho. Aliona namna fedha zinavyopatikana mtu akiugua, na namna mgonjwa alivyo wa mwisho kujua kilichoandikwa kuhusu mwili wake. Mnaolala hospitali na kuambiwa lipa kwanza ndipo upewe matokeo hamhitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Mwaka 2006 akaanzisha kampuni pamoja na Linda Avey na Paul Cusenza. Waliipa jina 23andMe, yaani "23 na mimi". Jina linatokana na mwili wenyewe. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna nyuzi ndogo sana zinazoitwa kromozomu, na ziko jozi 23. Katika kila jozi uzi mmoja umetoka kwa mama na mwingine kwa baba. Juu ya nyuzi hizo ndiko ADN ilikoandikwa, kama kitabu chenye herufi bilioni tatu. Kampuni haikukisoma kitabu chote. Ilisoma mamia ya maelfu ya sehemu tu, zile ambazo wataalamu walikuwa wamekwisha kujua kwamba binadamu wanatofautiana hapo. Mteja anatema mate, labo inasoma, kompyuta inalinganisha na watu wengine.

Kipimo cha kwanza kilitoka Novemba 2007 kwa dola 999. Mwaka huohuo Google iliweka dola milioni 3.9 ndani ya kampuni, na Anne akaolewa na Sergey Brin, mmoja wa wale vijana wawili wa gereji. Hapo watu walisema kwamba pesa ni ya mume na kampuni ni ya mke. Si uongo kwamba milango ilimfungukia kirahisi. Ila milango ilifunguka kwa wengi pale California, na wengi hawakufanya kitu kinachokumbukwa. Yeye alishusha bei: dola 399 mwaka 2008, dola 99 mwishoni mwa 2012. Aliwaalika matajiri na watu maarufu kwenye sherehe ambazo kazi ya wageni ilikuwa kutema mate ndani ya vichupa. Mtu wa kwetu anaweza kucheka. Gazeti la Time lilikitaja kipimo hicho kuwa uvumbuzi bora wa mwaka 2008.

Mfano ulioenea zaidi ulitoka nyumbani kwake. Mama mkwe wake alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka viungo. Brin alipojipima aliona amerithi kasoro kwenye jeni moja iitwayo LRRK2, inayoongeza sana uwezekano wa kuupata ugonjwa huo. Hakuficha, aliandika mbele ya watu wote mwaka 2008, na tangu hapo ametoa fedha nyingi kwa utafiti wa Parkinson. Hoja ya mke wake ilikuwa hiyohiyo: ukijua mapema unaweza kujipanga, na hakuna mganga mwenye haki ya kukuficha habari za mwili wako mwenyewe.

Sisi hoja hii si ngeni kwetu. Vijana wengi wa mijini siku hizi wanakwenda labo kabla ya ndoa kuulizia kama ni AA, AS au SS. Huo ndio ugonjwa ambao waganga wanauita drepanositozi na majirani zetu wa Tanzania wanauita selimundu. Baba akiwa AS na mama akiwa AS, wote wawili wazima kabisa, katika kila mimba kuna bahati mbaya moja kati ya nne ya kuzaa mtoto SS, yule wa kulia mifupa usiku na kuongezewa damu kila mara. Ugonjwa huu umeenea kwetu kwa sababu ya malaria: mwenye AS anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo kwa karne nyingi waliokuwa nayo walipona na kuzaa. Tukisema matibabu yanayofuata hali ya mtu mwenyewe, watu wanafikiri ni mambo ya Wazungu. Lakini kuna dawa ya malaria, primakini, ambayo kwa watu waliozaliwa na upungufu wa kitu kiitwacho G6PD inaweza kuvunja damu yao. Upungufu huo uko kwetu kwa wingi. Mganga anayeuliza kabla ya kutoa kidonge tayari anafanya kile ambacho California walikiona kipya.

Kampuni ya Anne iliviweka vyote viwili, SS na G6PD, kwenye orodha yake. Hilo ni la kumpa sifa.

Sasa tuje kwenye makosa. Marekani kuna ofisi ya serikali inayosimamia chakula na dawa, FDA. Ofisi hiyo iliona kwamba kipimo kinachomwambia mwanamke anaweza kupata kansa ya titi si kama kuuza sabuni. Je, kikikosea? Mwanamke anaweza kukatwa titi bure, au akajiona salama kumbe sivyo. Mazungumzo yalichukua miaka, kisha kampuni ikakaa kimya miezi mingi huku ikiendelea kutangaza kipimo kwenye televisheni. Tarehe 22 Novemba 2013 FDA ikaandika barua kali: acheni kuuza. Kampuni ikaondoa habari za magonjwa, ikabaki na habari za asili ya mtu.

Hapa mwandishi huyu anampa Anne alama mbili, moja mbaya na moja nzuri. Mbaya ni ule ukimya. Mfanyabiashara yeyote wa soko letu anajua kwamba ukiona mtu wa serikali amekuja mara ya tatu, unamketisha na mnazungumza. Nzuri ni kwamba baada ya barua hakukimbia. Aliajiri watu wanaojua sheria, akajaribu kipimo kimoja kimoja, akathibitisha kwamba watu wa kawaida wanayaelewa majibu. Februari 2015 alipata ruhusa ya kipimo kimoja, cha ugonjwa adimu uitwao Bloom. Aprili 2017 akapata ruhusa ya magonjwa 10, pamoja na Parkinson na Alzheimer, ule wa wazee kupoteza kumbukumbu. Machi 2018 ikaja ruhusa ya kansa ya titi, jeni za BRCA. Hakuna aliyekuwa amepata ruhusa kama hizo za kumuuzia mtu moja kwa moja bila daktari katikati.

Lakini tusikilize vizuri hiyo ya kansa. Kasoro zinazojulikana kwenye jeni hizo ni zaidi ya 1,000. Kipimo kiliangalia tatu, na hizo tatu zinaonekana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya mashariki. Dada yetu mwenye asili ya Kivu akijipima kule Texas na kuambiwa "haikuonekana", karibu hajaambiwa kitu. Haya hayakuwa makosa ya kampuni moja. Hesabu iliyochapishwa na wataalamu mwaka 2019 ilionyesha kwamba kati ya watu waliokuwa wamechunguzwa kwenye tafiti kubwa za jeni duniani, 78 kwa mia walikuwa na asili ya Ulaya, na Waafrika walikuwa 2 tu kwa mia. Kitabu cha afya ya binadamu kinaandikwa, na sisi tumo kwenye kurasa chache.

Anne aliliona pengo hilo. Mwaka 2011 kampuni ilitoa vipimo bure, ikilenga Wamarekani weusi 10,000. Mwaka 2020 wataalamu wake walichapisha uchunguzi kuhusu biashara ya utumwa kupitia bahari ya Atlantiki, wakitumia ADN za watu zaidi ya 50,000. Walikuta kwamba sehemu kubwa ya watu weusi wa bara la Amerika wana asili katika ardhi ambazo leo ni Angola na Kongo yetu hii, jambo linalokubaliana na maandishi ya merikebu za watumwa. Walikuta pia kwamba katika damu ya watu hao wanawake wa Afrika wameacha alama kubwa kuliko wanaume wa Afrika, ingawa merikebu zilibeba wanaume wengi zaidi. Maana yake mnaielewa bila mimi kuandika. Akina mama wa mashariki ya Kongo wanaielewa kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo mtu mweusi wa Marekani akifungua simu na kusoma "Angola na Kongo", hajadanganywa. Ila asidhani ameambiwa kabila. Mpaka kati ya Angola na Kongo ulichorwa na Wazungu karne ya 19, mate hayaujui. Wala ADN haisemi nani mwenyeji na nani mgeni kwenye kilima fulani, ingawa nimesikia watu hapa kwetu wakiitaka iseme hivyo. Watu walioishi jirani na kuoana miaka mia nyingi wanafanana mno ndani ya chembe zao.

Turudi kwenye pesa, maana ndiko nyumba ilikobomokea.

Kipimo cha ADN mtu anakinunua mara moja tu katika maisha. Ukishajua, umejua. Kampuni inayouza kitu cha mara moja inachoka haraka, na Anne alijua hivyo tangu mwanzo. Mali yake halisi ilikuwa ghala: majibu ya mamilioni ya watu, pamoja na maswali ya afya waliyojibu wenyewe kwenye kompyuta. Waliulizwa kama wanakubali kutumiwa katika utafiti, na karibu 80 kwa mia walikubali. Mwaka 2018 kampuni kubwa ya dawa ya Uingereza, GSK, iliweka dola milioni 300 ili itafute dawa ndani ya ghala hilo.

Kwa nini ghala la mate lina thamani hivyo? Nitatoa mfano mmoja, na una damu ya Afrika ndani yake. Huko Dallas watafiti waligundua kati ya 2005 na 2006 kwamba kuna Wamarekani weusi wachache waliozaliwa na jeni moja, PCSK9, isiyofanya kazi. Watu hao walikuwa na mafuta kidogo sana kwenye damu, na ugonjwa wa moyo ulikuwa haba mno kwao. Makampuni yakatengeneza dawa ya kuiga kasoro hiyo yenye baraka. Dawa zilitoka mwaka 2015, bei yake ikiwa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Moja kati ya dawa hizo inatengenezwa na kampuni iitwayo Regeneron. Likumbukeni jina hilo.

Juni 2021 kampuni ya Anne iliingia soko la hisa ikihesabiwa kuwa na thamani ya dola bilioni 3.5, na kwa muda mfupi ikapanda mpaka karibu bilioni 6. Mwaka huohuo akanunua, kwa dola milioni 400, kampuni ya kutibu watu kwa njia ya simu, Lemonaid, akitaka mtu apimwe, apate daktari na dawa mahali pamoja. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yake yote: matibabu yanayoanzia kwenye mwili wako, si kwenye ugonjwa wa watu wengi. Ndoto ilikuwa ghali. Dawa zinazotafutwa kwenye ghala zinachukua zaidi ya miaka 10 kufika hospitali, na mishahara inalipwa kila mwezi.

Kisha wezi wakaja. Mwaka 2023 wadukuzi walichukua maneno ya siri yaliyokuwa yameibwa kwenye kurasa nyingine za intaneti, wakayajaribu huko. Watu wengi wanatumia neno la siri moja kila mahali, hata wewe unayesoma. Waliingia kwenye akaunti kama 14,000. Lakini kampuni ilikuwa na huduma ya kuwatafutia watu ndugu zao wa damu, na kupitia akaunti hizo wezi waliona habari za watu milioni 6.9. Hesabu hiyo ndiyo somo zima la ADN: mlango mmoja ukivunjwa, ukoo mzima unaonekana. Mawakili wa kampuni waliandika kwamba kosa ni la wateja waliorudia maneno ya siri. Neno hilo liliwaudhi watu kuliko wizi wenyewe. Wale milioni sita na zaidi hawakuwa wamerudia chochote.

Na wezi walipotangaza bidhaa yao, waliipanga kwa asili: orodha ya watu wenye damu ya Kiyahudi, orodha ya wenye asili ya Kichina.

Wasikilizaji wetu, tuseme ukweli. Kwa msomaji wa Ulaya hii ni habari ya kompyuta. Kwa mtu wa Maziwa Makuu ni habari nyingine. Kwa jirani zetu wa Rwanda kabila liliandikwa kwenye kitambulisho kuanzia miaka ya 1930, chini ya Wabelgiji, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilitazamwa kwenye vizuizi vya barabarani. Kati ya wanaotusoma wapo waliokimbia kijiji kwa sababu mtu alikuja na orodha ya majina. Orodha ya watu kwa asili yao, ikikaa kwa mtu usiyemjua, haifi.

Baada ya hapo mteremko ulikuwa mkali. Hisa ilishuka chini ya dola moja. Anne alitaka kuinunua kampuni iwe yake binafsi, na kwa kuwa alishika karibu nusu ya kura ilikuwa vigumu kumpinga. Septemba 2024 wakurugenzi wote saba wasiokuwa wafanyakazi wake walijiuzulu kwa siku moja. Mwezi huohuo kampuni ilikubali kulipa dola milioni 30 kumaliza kesi za wizi. Novemba wafanyakazi wapatao 200, yaani 40 kwa mia, walifukuzwa, na kazi ya kutafuta dawa ikafungwa. Tarehe 23 Machi 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi kwenye mahakama ya Missouri, na Anne akaachia uongozi.

Hapo ndipo watu walipoamka. Kampuni ikifilisika, mali yake inauzwa ili wadeni walipwe. Meza, kompyuta, gari. Na hapa mali ilikuwa mate ya watu milioni 15. Mwanasheria mkuu wa California aliwakumbusha wananchi kwamba wana haki ya kufuta habari zao, na mpaka Juni watu milioni 1.9 walikuwa wameomba kufutwa. Majimbo 27 pamoja na mji mkuu Washington yalikwenda mahakamani kupinga mauzo, yakisema kitu kama hiki hakiuzwi bila kumuuliza kila mwenyewe. Mwezi huohuo Uingereza ikaitoza kampuni faini ya pauni milioni 2.31 kwa ule wizi.

Mnadani alitangulia Regeneron, yule wa dawa ya moyo, kwa dola milioni 256. Mauzo yakafunguliwa tena, na Juni 2025 akashinda mnunuzi mwingine kwa dola milioni 305: shirika lisilo la faida lililoitwa TTAM. Mkuu wa TTAM alikuwa nani? Anne Wojcicki. Herufi zenyewe ni za jina lilelile la zamani kwa Kiingereza. Jaji alikubali mwishoni mwa Juni, na tarehe 14 Julai mambo yakakamilika. Kitu kilichothaminiwa mabilioni alikirudisha mikononi mwake kwa bei ya chini mno, na waliokuwa wamenunua hisa ghali wamebaki wakiangalia. Wengine wanamwita mjanja. Wengine wanasema bora mama aliyekizaa kuliko mgeni. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Shirika jipya liliahidi kuheshimu masharti ya zamani, kuwaruhusu watu wafutwe, na kuweka kamati ya kulinda siri za wateja.

Wale wenye kumbukumbu walikuwa wameona kitu kama hiki. Kampuni ya deCODE ya Iceland ilitoa kipimo chake mwezi uleule wa Novemba 2007, na miaka miwili tu baadaye ilikuwa mufilisi. Mwaka 2012 ilinunuliwa na kampuni ya dawa kwa dola milioni 415, ghala lake likiwa ndani.

Sasa jibu kwa waliouliza. Ikiwa ndugu yako kule Marekani, Canada au Ulaya alitema mate kwenye kichupa hicho, nusu ya alichokiacha pale amekipata kwa mama yenu na nusu kwa baba yenu, kwa hiyo na wewe uliyebaki huku umo kwa sehemu, bila kuwa umeulizwa. Mpigie simu. Mwambie aingie kwenye akaunti yake, sehemu ya mipangilio. Hapo anaweza kufanya mambo matatu: kufuta habari zake, kuomba mate yaliyohifadhiwa yaharibiwe, na kuondoa ruhusa ya utafiti. Utafiti uliokwisha kufanywa haurudi nyuma, lakini mpya hautamtumia. Kabla ya kufuta apakue majibu yake ayatunze, maana kama iliandikwa ana AS au upungufu wa G6PD, watoto wake watahitaji kujua. Na kama anaamua kubaki, abadilishe neno la siri leo, asitumie lile la Facebook.

Kwa ninyi mlio huku ambao mnapanga kuoana na hamjui kama ni AS, msingoje kichupa kutoka Marekani. Ulizeni kituo cha afya kilicho karibu nanyi wapi kipimo hicho kinafanyika na ni pesa ngapi. Mliokimbia mkaacha karatasi zenu za labo nyumbani, kipimo kinaweza kurudiwa: jibu la AS au SS halibadiliki, liko kwenye damu mliyotembea nayo.